Bayume Mohamed Husen (1904–1944): Mwalimu wa Kiswahili katika Filamu za Kijerumani

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Kitengela kuelekea kusini hupita Isinya, Kajiado na Bisil hadi Namanga, mahali ambapo Kenya hupakana na Tanzania. Mpaka huo haukuwekwa na Wamaasai ambao mifugo yao ililisha pande zote mbili. Uliwekwa na makubaliano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani, yaliyochora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria na kuupindisha ili Mlima Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Madai ya Wajerumani yalijengwa juu ya mikataba ambayo Carl Peters aliikusanya mwaka 1884 katika Usagara na nchi jirani.

Mwaka 1941, zaidi ya nusu karne baada ya mstari huo kuchorwa, Ujerumani ya Wanazi ilionyesha filamu ya kumtukuza Peters. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amewafundisha Wajerumani Kiswahili jijini Berlin. Mtu huyo ni Bayume Mohamed Husen. Makala haya yanayafuatilia maisha yake kama askari mtoto, mwalimu wa lugha na mwigizaji, na kuyatazama sambamba na futuhi za mapenzi zilizotamba Ujerumani wakati yeye alipofika huko. Futuhi hizo zilimfundisha mtazamaji kwamba mapenzi huvuka kila ukuta. Maisha ya Husen yanaonyesha ukuta ambao filamu hizo hazikuthubutu kuugusa.

Kuzaliwa na Utoto Vitani

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, akapewa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani aliyetumikia jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, lile lililojulikana kwa jina la Schutztruppe, akiwa na cheo cha efendi. Askari wa asili ya Sudani walikuwa miongoni mwa waliounda jeshi hilo tangu mwanzo wake, na wengi wao walioa, wakazaa na kulowea katika miji ya pwani. Kwa hiyo Mahjub alikulia katika mazingira ya lugha nyingi: Kiswahili cha mji, Kiarabu cha wazee wa kambini na Kijerumani cha wakubwa wa serikali. Alijifunza Kijerumani angali mdogo, na kufikia mwaka 1913 alikuwa akifanya kazi ya ukarani Lindi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, baba na mwana walijiunga na jeshi. Mahjub alikuwa na umri wa miaka 10 tu. Mwezi Novemba mwaka huohuo, majeshi ya Waingereza yalivuka kutoka upande wa Namanga na kuwashambulia Wajerumani huko Longido, ng'ambo tu ya mpaka wa Kajiado, na kurudishwa nyuma. Hivyo uwanda wa Wamaasai uligeuka kuwa uwanja wa vita vya wageni. Ikumbukwe kwamba wengi waliopigana na kufa kwa pande zote mbili za vita hivyo vya Afrika Mashariki walikuwa Waafrika, askari na wapagazi, ambao hawakuwa na sauti yoyote katika chanzo cha ugomvi.

Kwa Mahjub, vita viliishia kusini. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, yaliyokuwa miongoni mwa mapigano makali zaidi ya kampeni nzima. Aliangukia mikononi mwa Waingereza akiwa mateka. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Safari ya Berlin

Baada ya vita, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake na Tanganyika ikawa chini ya Waingereza. Kijana aliyekuwa amejifunza lugha ya mtawala aliyeshindwa alilazimika kujitafutia riziki upya. Mahjub alikwenda baharini, akafanya kazi za utumishi katika meli mbalimbali, zikiwemo za kampuni ya Kijerumani iliyosafirisha abiria kati ya Ulaya na Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa na dai. Alitaka kulipwa mishahara ya kijeshi ambayo yeye na baba yake hawakuwa wamelipwa tangu siku za vita. Wizara ya Mambo ya Nje ililikataa dai hilo kwa hoja kwamba limewasilishwa kwa kuchelewa. Husen, kama alivyojulikana sasa, hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu wa mezani na hatimaye akaajiriwa katika jumba maarufu la starehe lililoitwa Haus Vaterland, kwenye uwanja wa Potsdamer Platz.

Jumba hilo linastahili kuelezwa kidogo kwa sababu linatuingiza moja kwa moja katika ulimwengu wa filamu. Lilikuwa na kumbi nyingi za kulia na kunywea, kila ukumbi ukiwa umepambwa kufanana na nchi au mahali fulani: mkahawa wa Kituruki, baa ya Marekani ya magharibi, roshani ya Mto Rhein yenye ngurumo na mvua za kutengenezwa. Humo humo mlikuwa na ukumbi wa sinema wa kampuni ya UFA, kampuni kubwa kuliko zote za filamu nchini Ujerumani. Mhudumu Mwafrika aliajiriwa awe sehemu ya mapambo ya dunia hiyo ya bandia. Husen alianza kuigiza, kwa namna hiyo, kabla hajasimama mbele ya kamera.

Futuhi za Mapenzi za Mwanzo wa Filamu za Sauti

Husen aliwasili Berlin wakati filamu bubu zikitoa nafasi kwa filamu za sauti. Kwa kuwa sauti iliwezesha nyimbo na majibizano, utanzu uliochipuka upesi ulikuwa ule wa futuhi za mapenzi zenye muziki. Mwaka 1930 mwelekezi Wilhelm Thiele alitoa Die Drei von der Tankstelle, kisa cha marafiki watatu waliofilisika, wakafungua kituo cha petroli na kisha wote watatu wakampenda msichana mmoja. Mwaka 1931 Thiele huyohuyo alitoa Die Privatsekretärin, ambamo mpiga chapa anapendana na mkurugenzi wa benki, na Erik Charell akatoa Der Kongreß tanzt, ambamo muuza glavu wa mjini Vienna anapendwa na mfalme wa Urusi. Mwaka 1933 Reinhold Schünzel alitoa Viktor und Viktoria, kisa cha mwanamke anayejifanya mwanamume anayeigiza uanamke jukwaani.

Kimaudhui, filamu hizi zina msingi mmoja. Kuna mpaka wa kijamii, uwe wa mali, wa cheo au hata wa mavazi ya kijinsia, na mapenzi huuvuka mpaka huo huku watazamaji wakicheka. Ni msingi usiokuwa mgeni kwa msomaji wa Kiswahili, maana ngano zetu zimejaa maskini wanaooa binti za wafalme. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu waliokosa kazi walikwenda sinema kushuhudia mpiga chapa akipendwa na tajiri, wakatoka wakiwa na moyo.

Hata hivyo, waliozitunga filamu hizo hawakuvuka mpaka uliochorwa mwaka 1933. Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari mwaka huo, na kabla mwezi Machi haujaisha UFA iliamua kuwaachisha kazi wafanyakazi wake Wayahudi. Thiele na Charell, wote Wayahudi, walihama nchi. Schünzel, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, aliruhusiwa kuendelea kwa muda, kisha akaenda Marekani mwaka 1937. Kurt Gerron, aliyeigiza wakili katika filamu ya kituo cha petroli na baadaye kuelekeza futuhi zake mwenyewe, alikimbilia Ufaransa na kisha Uholanzi, akakamatwa huko, na mwezi Oktoba 1944 akauawa katika kambi ya Auschwitz. Utanzu uliofundisha kucheka ulipoteza mabingwa wake kwa amri ya serikali.

Ndoa na Kazi ya Ualimu

Tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kushika madaraka, Husen alimwoa Maria Schwandner, mwanamke wa jamii ya Wajerumani waliotoka Bohemia. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Husen alikuwa pia na mtoto mwingine wa kiume aliyezaa na mwanamke mwingine Mjerumani, na mtoto huyo alipokelewa katika familia hiyo. Ndoa yao haikuwa futuhi. Kwa Maria, kuolewa na mtu wa koloni la zamani kulimaanisha kupoteza haki za uraia. Kwa watoto, kulimaanisha kukua katika dola iliyowahesabu kuwa doa. Sheria za Nuremberg za mwezi Septemba 1935 zilipiga marufuku ndoa na mapenzi kati ya Wajerumani na Wayahudi, na miezi michache baadaye makatazo hayo yakaelekezwa pia kwa watu weusi na Waroma.

Mbali na uhudumu, Husen alifanya kazi ambayo kwa wanafunzi wa Kiswahili ndiyo yenye uzito zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa msaidizi wa lugha katika mafunzo ya Kiswahili mjini Berlin, akifanya kazi na Profesa Diedrich Westermann, mwanaisimu mashuhuri wa lugha za Kiafrika. Kazi ya msaidizi wa namna hii ilikuwa kutamka, kusoma kwa sauti, kusahihisha na kuzungumza na wanafunzi. Profesa alieleza sarufi. Msaidizi alikuwa lugha yenyewe. Malipo yalikuwa madogo na cheo hakikuwa na heshima ya kitaaluma.

Husen hakuwa wa kwanza katika nafasi hiyo. Chuo cha Lugha za Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Waswahili kadhaa walifundisha humo. Anayejulikana zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Mtoro naye alioa mwanamke Mjerumani, na aliporudi Afrika Mashariki pamoja naye mwaka 1905, watawala hawakumruhusu mkewe kukaa naye huko. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927, miaka miwili kabla Husen hajawasili. Vizazi viwili vya walimu wa Kiswahili vilikutana na katazo lilelile: lugha yao ilitakiwa, ndoa zao hazikutakiwa.

Jambo jingine halifai kufichwa. Wanafunzi wa Husen walikuwa pamoja na maofisa na polisi waliotayarishwa kwa ajili ya makoloni ambayo Ujerumani ilitumaini kuyarejesha. Husen mwenyewe alihudhuria mikutano ya kudai makoloni hayo akiwa amevaa sare ya askari. Mwaka 1934 aliomba beji ya heshima ya waliopigana vitani, akanyimwa. Akainunua mwenyewe dukani na kuivaa. Mhakiki anaweza kumwona kuwa kibaraka wa ukoloni. Lakini yafaa kuzingatia pia kwamba mtu aliyeingia vitani akiwa na miaka 10, akajeruhiwa, akanyimwa mshahara na kunyimwa beji, hakuwa na hoja nyingine ya kudai haki ya kukaa Berlin isipokuwa utumishi wake. Sare ile ilikuwa ndiyo hati yake.

Mbele ya Kamera

Mwaka 1935 Husen aliachishwa kazi Haus Vaterland. Uigizaji, ambao alikuwa ameuanza, ukawa njia muhimu ya kulisha familia. Alionekana katika zaidi ya filamu 20, nyingi zikiwa katika nafasi ndogo zisizo na jina: mtumishi, mpagazi, askari, mtu wa kupita nyuma ya wahusika wakuu. Aidha, alishiriki katika maonyesho yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambayo yaliwakusanya watu weusi waliokuwa Ujerumani na kuwapitisha mji hadi mji kuigiza maisha ya Kiafrika. Wengi wao walikuwa wakazi wa mijini wa siku nyingi, nao walilazimika kuvaa ngozi na kupiga ngoma ili wapate ujira.

Mwaka 1934 aliigiza katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, filamu ya vita vya Afrika Mashariki iliyoelekezwa na Herbert Selpin. Alicheza kijana anayefunzwa ishara za kijeshi. Husen alikuwa na umri wa miaka 30 na baba wa watoto, lakini filamu ilimtaka awe kijana mwaminifu kwa bwana wake. Alikuwa akiuigiza utoto wake mwenyewe wa vitani, safari hii kwa kumbukumbu za watu wengine. Mwaka 1937 alionekana pia katika Zu neuen Ufern, filamu ya mapenzi ya Detlef Sierck iliyomtangaza mwimbaji Zarah Leander. Sierck, ambaye mke wake alikuwa Myahudi, alihama mwaka huohuo, na baadaye akapata umaarufu Marekani kwa jina la Douglas Sirk.

Tukizilinganisha nafasi hizi na futuhi za mapenzi, jambo moja linajitokeza. Mpiga chapa aliweza kupendana na mkurugenzi na muuza glavu na mfalme. Mwanamume mweusi aliweza kufungua mlango, kubeba sanduku na kusimama nyuma ya kiti. Hadithi haikumpa mke, mtoto wala mpenzi, ingawa mwigizaji mwenyewe, kamera ilipozimwa, alirudi nyumbani kwa mkewe na wanawe.

Carl Peters na Kambi ya Sachsenhausen

Nafasi kubwa kuliko zote aliyoipata Husen ilikuwa ya Ramasan, kiongozi wa msafara na mkalimani katika filamu ya Carl Peters ya mwaka 1941. Mwelekezi alikuwa Selpin tena, naye Peters aliigizwa na Hans Albers. Wote wawili walikuwa wamepitia filamu nyepesi za mapenzi: Albers alikuwa nyota wa futuhi za mwanzo wa miaka ya 1930, na Selpin alikuwa ameelekeza mwaka 1935 filamu iliyotokana na tamthilia ya vichekesho ya Oscar Wilde kuhusu mume bora. Sasa vipaji hivyo vilitumiwa katika propaganda. Baadhi ya Waafrika walioonekana katika makundi walikuwa wafungwa wa vita, askari wa makoloni ya Ufaransa, walioletwa kutoka kambini.

Peters wa historia ndiye aliyeitwa Mkono wa Damu na Waafrika. Akiwa Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892 alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na kisha msichana Jagodja aliyekuwa amemfanya hawara, mkasa uliohusishwa na wivu wake. Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya mauaji hayo. Wanazi walimsafisha jina, na filamu ikamgeuza shujaa aliyesalitiwa na wanasiasa.

Wakati wa kazi ya filamu hiyo, Husen alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamke Mjerumani. Mwaka 1941 alikamatwa na polisi wa siri, Gestapo, kwa tuhuma ya kuichafua mbari. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Mwanamume aliyetoka kuigiza uaminifu kwa Peters aliadhibiwa kwa sababu ya mwanamke, kama Mabruk alivyoadhibiwa. Filamu iliendelea kuonyeshwa huku yeye akiwa mfungwa.

Selpin pia hakusalimika. Mwaka 1942 alikamatwa kwa maneno aliyoyasema dhidi ya maofisa wa jeshi, na akakutwa amekufa ndani ya seli yake. Husen alivumilia kambini kwa zaidi ya miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40, chini ya mwezi mmoja baada ya Gerron kuuawa Auschwitz.

Hitimisho

Kwa muda mrefu jina la Husen lilibaki katika majalada ya serikali na katika orodha za waigizaji wa nafasi ndogo. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha wasifu wake, na mwaka huohuo jiwe dogo la ukumbusho lenye bamba la shaba likawekwa mbele ya nyumba aliyoishi katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya hali halisi kuhusu maisha yake, akimtafuta katika picha za filamu zilezile ambamo aliwekwa pembeni.

Kwa taaluma ya Kiswahili, maisha haya yanadai mambo mawili. Kwanza, historia ya ufundishaji wa lugha hii ughaibuni haiwezi kukamilika kwa kuwataja maprofesa peke yao. Wasaidizi wa lugha kama Husen, waliolipwa kidogo na kuandikwa kwa nadra, ndio waliotia sauti katika sarufi zilizochapishwa. Pili, uhakiki wa filamu na fasihi hauna budi kuuliza ni nani anayepewa mapenzi katika hadithi na ni nani anayeachwa mlangoni na trei mkononi. Futuhi za Berlin zilikuwa na ucheshi wa kweli na waelekezi wake waliteswa kwelikweli. Lakini hata katika siku zao bora, mpaka wa rangi haukuwa miongoni mwa mipaka iliyochekwa na kuvukwa.

Pale Namanga, mstari uliotokana na mikataba ya Peters bado ndio unaotenganisha Kajiado na Longido. Wafanyabiashara wa pande zote mbili hupatana bei kwa Kiswahili, lugha aliyoifundisha Husen kwa watu waliotumaini kurudi kuitawala nchi hiyo. Hawakurudi. Lugha ilibaki kwa wenyewe, na mwalimu huyu anastahili kuhesabiwa miongoni mwao.